Uzoefu wangu na WordPress, Search Console na fundi aliyeshika funguo za tovuti yangu

Nimekaa na hivi vitu miaka minne sasa na nimevilipia kwa hela ya mayai, kwa hiyo ninachoandika hapa ni kile kilichonipata mwenyewe. Nafuga kuku wa kienyeji Morogoro na nina tovuti ya Kiswahili ya ufugaji, magonjwa, chanjo, chakula, bei, yale mambo ambayo mfugaji anayatafuta saa tano usiku akiwa ameshika tochi bandani na simu ina asilimia 12 za chaji. Sijasomea kompyuta. Kuna kitu kimoja kimenichukua muda mrefu sana kukielewa na ndo kimenifanya niandike: tovuti ikiwa kimya, hakuna anayeingia, hakuna anayepiga simu, ule ukimya unafanana kila mara lakini chanzo chake hakifanani hata kidogo, na ukikosea kujua chanzo utamlaumu asiyehusika halafu anayehusika anaendelea kula hela yako.

Mwanzoni nilikuwa na blogu ya bure. Ikaja 2018 na zile kanuni za maudhui ya mtandaoni, mtu mwenye blogu anatakiwa aombe leseni, na ukijumlisha maombi, leseni yenyewe na ada ya mwaka ilikuwa inapita shilingi milioni 2. Hata JamiiForums walijizima kwa muda mwezi Juni mwaka ule. Mi nilikuwa na kuku 140, milioni 2 naitoa wapi? Na bado kuna kipengele cha kutakiwa kushughulikia malalamiko ndani ya saa 12, mimi kuna siku nashinda shambani sina hata mtandao. Nikafunga blogu. Hakuna askari aliyekuja nyumbani, hakuna barua niliyopokea, nilijifunga mwenyewe kwa woga, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu wapo wengi walifanya hivyo hivyo na hawahesabiki popote. Kanuni zikatoka upya 2020, zikarekebishwa tena 2022, ila ile miaka minne ya maswali ya wafugaji yaliyokosa majibu hairudi.

Januari 2022 nikasema narudi, na safari hii iwe tovuti kamili. Nikapata fundi kijana, mchangamfu, "dada usiwe na wasiwasi, ndani ya mwezi uko ukurasa wa kwanza Google", laki sita na nusu, domeni (lile jina la tovuti) na hostingi (kukodi seva inakokaa tovuti) ndani yake. Akaijenga kwa WordPress, programu ya kujengea na kuendeshea tovuti, na kusema kweli ilipendeza. Nikaandika makala 22 ndani ya miezi mitano nikilala saa saba usiku, na wageni kwa siku wakawa watatu, wanne, ambao nadhani ni mimi, mume wangu na dada yangu wa Dodoma. Nilipomuuliza fundi akasema Google inachelewa. Mimi kichwani nikaamini tumezibwa, nikamwambia mume wangu kabisa, hawa watu wa serikali wameshaniweka kwenye orodha tangu ile blogu ya zamani.

Aliyeniokoa ni mtoto wa dada yangu, yuko chuo. Akachukua simu akaandika kwenye Google site: halafu jina la domeni yangu bila nafasi katikati, akaniambia mama mdogo, hapa zingetokea kurasa zako ambazo Google inazijua. Haikutokea hata moja. Akaingia ndani ya WordPress, sehemu ya mipangilio, upande wa usomaji, chini kabisa kuna kiboksi kidogo cha kuziomba injini za kutafutia zisiiorodheshe tovuti. Kilikuwa kimewekwa tiki. Fundi alikiwasha wakati anajenga, jambo ambalo ni la kawaida maana hutaki watu waione kazi nusu nusu, halafu siku ya kukabidhi akasahau kukizima. Miezi mitano. Akatoa tiki, akabonyeza kuhifadhi, baada ya siku tisa makala ya kwanza ikaonekana. Yaani niliwalaumu watu wa serikali miezi mitano kwa tiki moja. Kama una tovuti haionekani, fanya hicho kipimo cha site: kabla hujamnung'unikia mtu yeyote.

Kijana huyo huyo ndo alinifungulia Search Console ya Google, ambayo ni bure, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu sijaona kifaa kilichonisaidia kama hiki. Inakuonyesha maneno yenyewe ambayo watu wameandika kabla hawajaiona tovuti yako, mara ngapi imeonekana, wamebonyeza wangapi, na uko nafasi ya ngapi. Mimi nilikuwa nimeandika makala ndefu yenye kichwa "Ugonjwa wa Newcastle na udhibiti wake", kama nilivyosoma kwenye kijitabu cha semina. Hakuna anayeandika hivyo! Watu wanaandika "kuku anaharisha kijani", "kuku anapinda shingo", "kuku wanakufa ghafla dawa gani", wachache "dawa ya mdondo", na wengine kideri. Nikakaa nayo jioni moja na daftari, nikanakili maneno 60 kama walivyoyaandika na makosa yao, halafu nikaiandika upya makala yote nikianzia na ile shingo iliyopinda na kinyesi cha kijani, kisha ndo nikaeleza kwamba huo ni mdondo na ukishaingia bandani hauna dawa, ni chanjo tu, ile ya I-2 inayotengenezwa na TVLA, wakala wa maabara ya mifugo wa serikali, pale Kibaha, tone moja kwenye jicho, unarudia kila miezi mitatu. Toka nafasi ya 38 mpaka ya 4 ndani ya wiki saba hivi. Hakuna ujanja nilioufanya zaidi ya kuandika kama watu wanavyoongea, na naona sisi tunaoandika Kiswahili tunajikosesha wasomaji kwa kutaka kuonekana wasomi.

Kasi nayo. Fundi alikuwa ameniwekea picha nne kubwa zinazozunguka pale juu, moja peke yake ilikuwa MB 4, na kwa mtu aliyeko Kilosa na bando la kuungaunga tovuti ilikuwa inachukua sekunde 11 kufunguka, nilihesabu mwenyewe nikiwa kule. Google wenyewe wanasema kitu kikubwa kwenye ukurasa kitokee ndani ya sekunde 2.5. Nikazitoa zote nikabakiza picha moja ya KB 90. Fundi alisema bila picha za kuzunguka tovuti haina mvuto, sikumsikiliza.

Kuna laki moja na nusu niliipoteza kwa kununua linki 200, yaani tovuti nyingine ziweke viungo vya kuja kwangu, ili "nipande" Google. Zilikuwa tovuti za ajabu, kamari za nje, dawa za nguvu za kiume, lugha hata sizijui. Sikupanda hata nafasi moja. Google inapambana na linki za kununua kwa miaka mingi, na haipokei hela ya mtu kumpandisha kwenye matokeo ya kawaida, kinachouzwa ni matangazo tu na yanaandikwa kwamba ni matangazo. Anayekuuzia "ukurasa wa kwanza kwa uhakika" anakuuzia kitu ambacho si chake.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nimuondoe fundi kabisa. Katikati ya 2023 niliandika makala kuhusu dagaa wa kuchanganyia chakula cha kuku wanaouzwa wakiwa wamejaa mchanga. Nilipima kilo moja niliyoinunua mwenyewe, nikaikoroga kwenye ndoo ya maji, nikaacha itulie, nikamwaga ya juu taratibu, kilichobaki chini nikakikausha juani na kukipima: gramu 230 za mchanga. Nikapiga picha ya mchanga kwenye mizani. Sikuandika jina la duka wala mtaa, niliandika namna ya kupima tu ili kila mtu apime wake. Makala ikaenda sana, ndani ya mwezi ikawa ya kwanza kwa "dagaa wa kuku mchanga", watu wanaandika koment na vipimo vyao, mmoja wa Singida alipata gramu 310.

Halafu siku moja ikafa. Nilikuwa naangalia Search Console kama kawaida nikaona ule mstari wa makala hiyo umeanguka mpaka sifuri, makala nyingine zote ziko vilevile. Safari hii nikasema nisiwe na haraka ya kulaumu, itakuwa hitilafu. Nikakagua kiboksi, kipo sawa. Nikafungua ukurasa wenyewe, haupo, 404. Nikampigia fundi. Akasita, halafu akasema, "Dada samahani, kuna mzee mmoja wa maduka alinipigia akasema nitamtia hasara na atanifikisha mbali, nikaona niitoe yaishe." Kwa nini alimpigia yeye? Kwa sababu chini kabisa ya kila ukurasa fundi aliandika "imetengenezwa na" akaweka namba yake. Yule mzee hakuwa na haja ya kunitafuta mimi, wala kwenda polisi, wala mahakamani, alipiga simu moja kwa kijana aliyekuwa na pasiwedi, na kijana akaogopa. Simlaumu kwa kuogopa, na mimi niliogopa 2018. Namlaumu kwa kutoniambia.

Kwa hiyo mara ya kwanza nilidhani nimezibwa mdomo kumbe ni tiki, mara ya pili nikadhani ni hitilafu kumbe nimezibwa mdomo kweli.

Hapo ndo nikagundua domeni imesajiliwa kwa jina lake, barua pepe yake, hostingi kwa kadi yake. Mi nilikuwa mpangaji kwenye nyumba niliyoijenga kwa hela yangu. Kuitoa kulinichukua wiki sita za kubembeleza. Unahitaji akupe ile namba ya siri ya kuhamishia domeni kwenda kwa msajili mwingine, abadilishe jina la mmiliki, na akupe bekapu ya mafaili na ya kanzidata (ndimo makala zinamokaa), vyote viwili, maana ukipewa mafaili peke yake unapata ganda bila makala. Kwa uzuri wa WordPress hapa naipa heshima yake yote: ni programu huria tangu 2003, si mali ya fundi wala ya kampuni ya hostingi, unabeba kila kitu unakwenda kukifungua kwenye seva nyingine na kinakaa kama kilivyokuwa. Makala ya mchanga haikuwemo kwenye bekapu. Niliipata kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa za zamani, pamoja na koment 41, nikazirudisha moja moja kwa mkono. Ipo mpaka leo. Yule mzee hajawahi kunipigia mimi.

Ubaya wa WordPress ni masasisho yake, kila wiki plagini hii na ile (vile viprogramu vya kuongezea kazi kwenye tovuti), na usipozisasisha wanaingia wadukuzi. Mara moja sasisho lilinivunjia ukurasa wa bei ukawa mweupe siku nzima. Kwa mtu peke yake kama mimi nashauri plagini zisizidi sita. Naipa 8 kwa 10, Search Console 9, hostingi niliyonayo sasa, seva ziko nje ya nchi, 7. Fundi namwachia 3 kwa sababu kazi ya mikono yake ilikuwa safi.

Kuna watu wakishuka nafasi Google wanasema wamenyimwa uhuru wa kusema. Sikubaliani nao. Machi 2024 kulikuwa na sasisho kubwa la Google, mi nikashuka toka nafasi ya 3 mpaka ya 14 kwenye makala ya vifaranga, roho iliuma. Nikafungua zilizonipita nikazisoma zote. Moja ilikuwa imeandikwa na bwana mifugo, ina jedwali la joto la siku kwa siku na picha za vifaranga walivyojikusanya wakisikia baridi. Ilikuwa bora kuliko yangu, basi. Nikapiga picha zangu, nikaongeza vipimo vyangu, nikarudi ya 6. Ukiwa wa 14 bado upo, anayekutafuta anakupata. Makala iliyofutwa na mtu aliyeogopa simu haipatikani hata ukiitafuta kwa jina lake. Ila sipendi pia kwamba mlango wa kuingilia ni wa kampuni moja, ndo maana kila makala naituma na kwenye kundi la WhatsApp la wafugaji.

Na kuna ukimya mwingine ambao hakuna pasiwedi inayousaidia. Mei 2025 X (ile iliyokuwa Twitter) ilipozuiwa nchini, wenzangu wa pembejeo waliokuwa na wateja wao wote kule walihangaika, tovuti yangu haikutikisika, nikajiona nimeshinda. Ikaja Oktoba 29 siku ya uchaguzi, intaneti ikakatwa nchi nzima, na haikuanza kurudi mpaka Novemba 3. Baadaye nilipofungua grafu ya Search Console kwa nchi, Tanzania mstari umelala chini kabisa siku zile zote, Oman na Uingereza inaendelea kama hakuna kilichotokea. Seva ilikuwa nzima, makala ziko sawa, nafasi ni ileile, na mfugaji aliyeko kilomita 100 kutoka kwangu haioni huku wa Muscat anaisoma.

Mtandao uliporudi nikapata ujumbe wa mama mmoja wa Kilosa, kuku wake 60 walianza kupinda shingo tarehe 30, alikuwa anajaribu kufungua ukurasa wangu akijua maelezo yako pale, na hajui jirani mwenye chanjo. Alibaki na saba. Nimeusoma ule ujumbe mara nyingi. Kwa hiyo Desemba nilichapisha ukurasa wa mdondo kwenye karatasi, nakala 200, wino mweusi tu, nikaziacha kwenye maduka ya dawa za mifugo Morogoro mjini, Kilosa na Mvomero. Mwezi huu naongeza ya ndui.