Kitimwendo cha kusimama: miezi minane nacho thieta (chumba cha upasuaji), haya ndo niliyoyaona

Haya wadau, niliahidi nikishakitumia vya kutosha ntasema, sasa ndo nasema. Mi ni daktari niko kwenye mafunzo ya upasuaji, uti wa mgongo niliumia T10 (pingili ya kumi ya kifuani), yaani kuanzia kitovuni kushuka chini sina habari, juu niko kamili. Kiti changu cha zamani cha kusukuma kwa mikono hakina shida, wodini namwacha hata mwenye miguu yake, tatizo lilikuwa meza ya upasuaji. Ukiishusha ifike usawa wangu nikiwa nimekaa, magoti yanagonga nguzo ya meza na mwenzangu wa upande wa pili anainama kama anatafuta shilingi sakafuni, baada ya saa moja anaanza kuguna na unaona aibu wewe. Kuna mkubwa mmoja akanishauri kwa nia njema tu nihamie macho au mikono maana huko watu wanafanya wamekaa. Nilimsikia, ila mi napenda tumbo. Afu nikaona habari za Ted Rummel, daktari wa mifupa kule Marekani aliyepooza kuanzia kiunoni akarudi thieta kwenye kiti cha kusimama, hapo nikasema kumbe.

Basi kiti chenyewe. Ni cha umeme, betri mbili za volti 12, unabonyeza siti inanyanyuka taratibu huku mgongo na miguu vinanyooka mpaka umesimama, magoti yameshikwa na pedi kwa mbele na kifuani kuna mkanda. Siku ya kwanza nilifika nusu nikaona giza. Presha hiyo imeshuka: damu inashuka miguuni na misuli ya miguu haipo kazini kuirudisha juu. Ikabidi nianze na dakika 10, zikawa 20, soksi za kubana, nanyanyuka nusu nasubiri, ndo namalizia. Muuzaji hakulisema hili. Wala hakusema kwamba mtu aliyekaa miaka mingi mifupa ya miguu inakuwa imedhoofu na inaweza kuvunjika akisimamishwa tu, kwa hiyo pima kwanza, na kama nyonga au magoti yamekakamaa hayanyooki basi hiki kiti si chako hata wakikusifia vipi.

Sasa kazini. Urefu, safi kabisa, sina la kusema, meza inakaa pale pale ilipo kwa kila mtu na mi naona ndani ya tumbo kama wenzangu. Pedali ya mashine ya kuchomea mishipa siwezi kuikanyaga ila kalamu yake ina kitufe cha mkononi, hiyo haikuwa ishu hata siku moja.

Kilichonitesa ni mikono. Ukishanawa na kuvaa glavu hugusi kitu chochote ambacho hakijatakaswa, na gauni lenyewe linahesabika safi kwa mbele tu, kifuani mpaka usawa wa meza, chini ya hapo ni pachafu hata kama nguo ni ile ile. Sa kijiti cha kuendeshea kiko wapi? Pembeni ya nyonga. Kwa hiyo mi nimesimama vizuri, mikono juu, msafi, na nimebaki mita moja na nusu kutoka kwa mgonjwa siwezi kusogea. Miezi miwili ya mwanzo nesi alikuwa ananiendesha kwa kile kijiti cha nyuma, na ni watu wazuri sana lakini wanaendesha kama wanaegesha lori, "dokta kulia kidogo? hapa? hapa?", na nikitaka kusogea sentimita tano katikati ya kazi naomba kama mtoto. Nikawaandikia kampuni (jina naliacha) wakakaa wiki sita ndo wakajibu kwamba kuna mkono wa ziada unaoleta kijiti mbele ya kifua. Kumbe upo siku zote! Tumeufunga, tunauvika ule mfuko mrefu wa plastiki uliotakaswa wanaovalisha kamera, watu wa kudhibiti maambukizi wakaukagua wakakubali, na tangu hapo naendesha mwenyewe. Kama ni mpasuaji agiza huo mkono siku hiyo hiyo unayoagiza kiti.

Kitu kingine ni nguo. Kiti kikinyanyuka mwili unateleza kidogo kwenye mgongo wa kiti na suruali inajikunja nyuma ya paja, wewe huhisi. Nilitoka operesheni iliyochukua masaa matatu nikajikagua kwa kioo nyumbani nikakuta mstari mwekundu kama wa kamba, umekaa siku mbili, na sisi tunajua kidonda cha kukalia kinavyoanza. Siku hizi kabla ya kunawa nasimama, nakaa, nasimama tena, mtu ananinyooshea suruali. Mrija wa mkojo nao uliwahi kubanwa na pedi ya goti, nikajua baadaye sana. Mimi nilibahatika maana jeraha langu liko chini, kwa walioumia T6 kwenda juu kibofu kikijaa presha inapaa vibaya, tafadhali pitisheni mrija kwa ndani ya goti mbali na pedi.

Afu kuna kitambuzi cha mwinamo, kinachozuia kiti kusimama pasipo sawa. Chumba kimoja sakafu imeinama kidogo, siku hiyo kiti kikagoma kusimama kinapiga pii pii tu na mgonjwa keshalala. Tukabadilishana pande za meza, kikakubali. Aibu niliyoona sitaki kuikumbuka, ila bora kigome kuliko kinidondoshe juu ya mtu.

Usafiri sifuri. Kina uzito wa kilo 100 na ushee, hakikunjiki. Herbert Everest, injinia aliyevunjika mgongo mgodini mwaka 1918, yeye na Harry Jennings walishatoa kiti cha kukunjika cha kuingia kwenye gari mwaka 1933, huku mimi changu kinalala hospitali kwenye kona ya stoo na narudi nyumbani na kile cha mikono.

Na hiyo ikaleta swali la utawala, je hiki ni mali yangu binafsi kama miwani au ni kifaa cha hospitali kama meza? Niliwapelekea ibara ya 27 ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa 2006, pale panaposema mahali pa kazi parekebishiwe mfanyakazi. Betri wamekubali kubadilisha wao. Matengenezo mengine bado yanazunguka ofisini.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa zile wiki sita.