Kozi ya miezi mitatu ya kuchomelea vyuma, Kampala: inafaa kulipiwa?

Inafaa, ila kwa sharti moja: mwanafunzi ashike mashine kila siku. Kozi ambayo watu ishirini wanagombania mashine mbili usiilipie, hata ada ikiwa nafuu.

Kabla ya kulipa, ingia karakana. Tazama ndoo ya vipande vya elektrodi (vijiti vya kuchomelea) zilizotumika. Ikiwa tupu, mafunzo yapo ubaoni tu. Uliza pia elektrodi zinahifadhiwa wapi. Zikilala sakafuni zinavuta unyevu, na mshono, yaani pale vyuma vinapounganishwa, unatoka na vitundu kama mkate.

Muulize mwalimu anaweka ampea ngapi, yaani kiasi cha umeme kwenye mashine. Kwa elektrodi ya milimita 2.5 ya chuma cha kawaida, jibu liwe kati ya 60 na 90, kwa 3.2, kati ya 90 na 130. Ampea zikipungua, mshono unakaa juu bila kushika. Zikizidi, bati jembamba linatoboka. Anayesema "weka tu mpaka iwake" atakufundisha kubahatisha.

Sehemu dhaifu ya kozi hizi fupi ni mishono ya wima na ya juu ya kichwa. Nyingi hufundisha wa mezani tu, wakati geti likishasimikwa huwezi kulilaza tena.

Cheti nacho: hakikisha mtihani unatoka kwa chombo cha serikali, si muhuri wa chuo peke yake. Kwa mafundi wa Katwe, mtaa wa karakana hapo Kampala, kazi ya mikono itatosha. Kampuni za ujenzi zitataka karatasi.