Fishman Loudbox Mini kwa mpiga gitaa anayeachana na bendi

Ukitoka kwenye bendi, besi ndiyo inayoacha pengo kubwa kuliko yote. Mpiga gitaa la akustika ndani ya bendi huzoea kupunguza sauti za chini ili asigombane na gitaa la besi. Akibaki peke yake, dole gumba lake ndilo besi, na maneno anayoimba hayana pa kujificha. Kwa hiyo amplifaya ya mtu wa aina hii ipimwe kwa maswali mawili: inabeba nyuzi nene bila kuvuma? Na maneno yanasikika? Kwa swali la kwanza Loudbox Mini inastahili sifa. Kwa la pili inahitaji msaada wako.

Ni amplifaya ya wati 60 yenye spika ya inchi 6.5 na twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya inchi 1, na uzito wake ni kama kilo 9, yaani unaibeba kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika gitaa. Ina chaneli mbili. Ya gitaa ina vinobu vya sauti za chini, za kati na za juu, pamoja na mwangwi, korasi (athari inayofanya gitaa lisikike kama mengi) na swichi ya fezi (inayogeuza mwelekeo wa mawimbi ya sauti ili kupunguza mvumo). Ya maikrofoni ina sauti za chini, za juu na mwangwi tu. Wati 60 zinatosha chumba cha watu arobaini hivi wanaosikiliza. Watu hao hao wakiwa wanazungumza kwa sauti, hazitoshi. Na kushindana na drams usijaribu.

Kosa linaloharibu maonyesho mengi ni mahali pa kuiweka. Waliozoea bendi huiweka nyuma yao, kama wafanyavyo na amplifaya ya gitaa la umeme. Gitaa la akustika ni sanduku tupu, na hewa iliyo ndani yake huitika yenyewe kwenye hezi 100 hivi, karibu na noti ya uzi wa tano. Spika ikililenga kwa nyuma, sanduku hilo linaanza kuvuma kabla hujafikia sauti unayoitaka, na maikrofoni nayo inapokea kelele hiyo hiyo. Iweke mbele yako kidogo, pembeni, upande ambao mgongo wa maikrofoni unaelekea. Maikrofoni za kadioidi, yaani zinazosikiliza zaidi upande wa mbele, kama Shure SM58, hupokea kidogo kabisa kwa nyuma. Ipandishe juu ya kiti imara au stendi, na uiepushe na kona ya ukuta, kwa sababu sakafu na kona huongeza besi usiyoiomba.

Kisha panga sauti, na uanze na ya kuimba. Vinobu vyote vya sauti viwe katikati, mwangwi uzimwe. Ongeza geini (kiwango cha sauti inayoingia) ya maikrofoni ukiimba sehemu kali kuliko zote za wimbo, hadi isikike ikikwaruza, halafu irudishe nyuma kidogo. Ukiimba mdomo ukiwa sentimita tatu hadi tano kutoka kwenye maikrofoni, sauti inanenepa chini, hivyo punguza sauti za chini za chaneli hiyo kidogo chini ya katikati. Baada ya hapo leta gitaa mpaka lishike nafasi chini ya sauti yako. Wengi hufanya kinyume: wanapanga gitaa tamu, kisha wanasukuma sauti ya kuimba juu yake mpaka mluzi unaanza.

Gitaa likivuma, bonyeza swichi ya fezi kwanza, ukiwa kwenye sauti ile ile utakayopigia. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha. Ikishindikana, ziba tundu la gitaa kwa kizibo cha mpira. Kupunguza sauti za chini kuwe hatua ya mwisho, maana ndizo ulizozifuata. Pikapu ya piezo (kinasa sauti kinachopokea mtetemo wa nyuzi) ikitoa mlio mkali wa plastiki unapocharaza kwa nguvu, punguza sauti za kati kidogo kabla ya kugusa za juu. Na sauti ya gitaa ikianza kukatika na kukwaruza bila sababu, angalia betri ya volti 9 ndani ya gitaa. Magitaa mengi yenye priamu (kikuza sauti kidogo kilicho ndani ya gitaa) hutumia betri muda wote jeki inapokuwa imechomekwa, kwa hiyo ichomoe unapopumzika.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye chaneli ya maikrofoni. Haina kinobu cha sauti za kati, na hapo ndipo sauti ya puani inapokaa. Ukiwa na sauti ya namna hiyo, badilisha pembe ya maikrofoni, au pitisha sauti kwenye mikisa (kifaa cha kuchanganyia sauti) ndogo kwanza. Pia haitoi umeme wa volti 48, hivyo maikrofoni ya kondensa inayotegemea umeme huo haitafanya kazi. Tumia ya dainamiki, isiyouhitaji.

Tundu la DI, la kupeleka sauti kwenye mitambo ya ukumbi, linafaa ukumbi unapokuwa mkubwa, ila hutoa gitaa na sauti zikiwa zimeshachanganywa. Fundi wa mitambo hawezi kuinua maneno peke yake. Afadhali umpe maikrofoni moja kwa moja kwenye mikisa yake, na amplifaya ibaki na gitaa tu.

Ukitumia pedali ya lupu (inayorekodi kipande unachopiga na kukirudia), iweke kati ya gitaa na chaneli ya gitaa. Mwangwi wa amplifaya utafunika tabaka zote kwa pamoja, jambo zuri. Lakini tabaka tatu za nyuzi nene zikirundikana, spika ya inchi 6.5 inaishiwa pumzi. Rekodi tabaka la pili na la tatu juu zaidi kwenye shingo ya gitaa, au kwa kapo (kibanio cha kubana nyuzi shingoni). Ukitaka kupigia mahali pasipo na umeme, tafuta toleo la Loudbox Mini Charge, lenye betri ya kuchaji.

Kama unainunua iliyokwisha tumika, nenda na gitaa na maikrofoni yako. Zungusha kila kinobu polepole ukisikiliza mikwaruzo, tikisa jeki kwenye tundu zote mbili, kisha piga uzi wa sita kwa nguvu, sauti ikiwa juu, ukisikiliza kama kuna kitu kinachotetemeka ndani ya sanduku.