Koki ya Nje ya Kufungwa kwa Kufuli: Ipulize Kabla ya Kuilipia

Kwa miezi miwili niliamini kwamba koki yangu mpya ya nje inavuja. Nilikuwa nimeinunua kwa sababu moja tu, kwamba ina masikio mawili ya kupitishia kufuli, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kukuta mpira wa kumwagilia umeunganishwa na mtu nisiyemjua na ankara ya maji imepanda. Niliifunga kwa kufuli lililokuja nayo ndani ya pakiti, nikaona kazi imekwisha, na kila asubuhi nikakuta ardhi chini yake imelowa. Nilimwita fundi bomba. Akaifungua, akaikagua, akasema haina ubovu, akairudisha. Siku nilipoona kwenye tope alama ya duara ya kitako cha ndoo, ndipo nilipoushika mkono wa koki, kufuli likiwa limefungwa, nikauvuta. Ulisogea upana wa kidole kimoja, na maji yakatoka.

Kasoro hiyo ni kucheza kwa mkono, na sijaona muuzaji anayeitaja. Ndani ya koki nyingi za mkono wa robo mzunguko mna tufe dogo lenye tundu katikati. Mkono ukigeuzwa nyuzi 90 tundu hilo hulingana na bomba na maji hupita yote, lakini maji hayangoji nyuzi zote 90. Baada ya nyuzi chache tu, ukingo wa tundu huanza kuchungulia na mchirizi mwembamba hutoka. Sasa chukua masikio yenye tundu pana, pitisha ndani yake kufuli lenye upinde mwembamba kama msumari, na nafasi inayobaki kati ya upinde na tundu ndiyo inayoupa mkono uhuru wa kusogea. Mchirizi wa lita moja kwa dakika hujaza dumu la lita 20 kwa dakika 20, na usiku una dakika nyingi.

Kwa hiyo katika orodha hii ya njia za kuilinda koki ya nje, kuanzia ninayoiamini zaidi, sitazungumzia rangi, wala urefu wa mdomo, wala kama koki ni ya nusu inchi au ya robo tatu. Hilo la mwisho utalijua kwa kulitazama bomba lako. Ninachopima ni kimoja: kifaa kikiwa kimefungwa, je, maji yanaweza kupita? Jibu lake hupatikana kwenye kaunta ya duka, bila maji. Funga koki kwa kufuli lile lile utakalolitumia, vuta mkono upande wa kufungulia hadi ukome, kisha puliza kwa nguvu kupitia upande unaoingia ukutani. Hewa ikipita, maji nayo yatapita, kwa kuwa maji yana msukumo mkubwa kuliko mapafu yako.

Nafasi ya kwanza, pamoja na yote yaliyonipata, naipa koki ile ile ya robo mzunguko yenye masikio, iliyotengenezwa kwa brasi nzito, mradi inunuliwe bila kufuli la bure. Kufuli linunuliwe peke yake, na hapa sitajifanya sina upande: mimi ni mtu wa ABUS. Kampuni hiyo ya Ujerumani ilianzishwa mwaka 1924, na jina lake ni kifupisho cha August Bremicker na wanawe. Ninachokipenda si historia yake bali ni kwamba kufuli zake huwa na vipimo vinavyoeleweka. Katika mfululizo wa 65, kwa mfano, tarakimu inayofuata mkwaju ni upana wa mwili kwa milimita, hivyo 65/30 ni kufuli la milimita 30, na kadiri mwili unavyopanuka ndivyo upinde unavyonenepa. Unaweza kupima tundu la sikio kwa rula nyumbani, ukachagua kufuli ambalo upinde wake utaingia kwa kubana. Kwa mahali panaporukiwa na maji kila siku, chagua lile lenye herufi IB, ambalo upinde wake ni wa chuma kisichoshika kutu. 70IB huongeza ganda la plastiki juu ya mwili wa brasi na kifuniko cha tundu la ufunguo. Bei yake inauma, lakini kufuli langu la pakiti liliganda kwa kutu kabla ya mwaka kwisha, na nililikata kwa msumeno.

Kabla ya kuridhika, tazama nati inayoushikilia mkono juu ya koki. Kama spana inaifikia huku kufuli likiwa limefungwa, mtu anaweza kuifungua, akaunyanyua mkono, kisha akakigeuza kijiti kilichobaki kwa koleo. Katika koki nzuri masikio yamewekwa mahali ambapo kufuli lenyewe linaizuia spana.

Valvu ya ndani ya nyumba, inayofunga tawi la bomba linalokwenda nje peke yake, naipa nafasi ya pili, na najua wapo watakaosema ilistahili ya kwanza. Kwa usalama mtupu wana haki: koki isiyo na maji haiibiwi maji, na aliye nje hana cha kukishika. Tatizo ni kwamba valvu hiyo hutegemea kumbukumbu ya kila mmoja nyumbani, kwani anayemaliza kumwagilia bustani jioni hana budi kuingia ndani, kuinama chini ya sinki na kuifunga, na jioni moja ya kusahau inatosha. Ukiichagua, mwambie fundi akuwekee ya tufe badala ya geti valvu, ile inayofunga kwa kushusha kibati ndani ya bomba, kwa sababu geti valvu iliyokaa muda mrefu bila kuguswa hukwama, au hufunga nusu na kuacha maji yakipenya. Hakikisha pia kwamba ameiweka baada ya bomba kugawanyika, la sivyo utajifungia maji ya jikoni.

Ya tatu ni kofia ya brasi inayofungwa kwenye nyuzi za skrubu za mdomo wa koki na kuzunguka bure pale mtu anapojaribu kuifungua bila ufunguo. Ni werevu mzuri, na haihitaji fundi. Lakini mkono wa koki unabaki huru, hivyo mpita njia anaweza kuufungua na kuyaacha maji yakisukuma kofia usiku kucha. Washa ya ndani, yaani kile kipete cha mpira, ikichoka utapata matone, na siku utakayoitoa bila kuukagua mkono kwanza utalowa kifua. Kama mdomo wa koki yako hauna nyuzi, isahau.

Koki isiyo na mkono, ya kufunguliwa kwa ufunguo wa pembe nne, huuzwa kama kilele cha ulinzi, nami naiweka ya nne bila kusita. Ufunguo wake si siri ya mtu. Kuna kifaa kimoja chenye umbo la msalaba ambacho ncha zake nne zina vipimo vya inchi 1/4, 9/32, 5/16 na 11/32, kinauzwa waziwazi kwa mafundi, nacho hufungua karibu kila koki ya namna hiyo. Inamzuia mtoto na mpita njia mvivu, basi.

Masanduku ya plastiki ya kufunika koki, minyororo na waya wa kuviringisha kwenye mkono wa koki ni vya kununua wiki moja ukisubiri kitu cha maana. Kuutoa mkono wa koki na kuuweka kabatini ni bure, na koleo huushinda ujanja huo.

Kinachonikera zaidi ni wauzaji. Wapo wanaoitangaza koki kuwa ya brasi, na ukitilia shaka hukuletea sumaku kwa mbwembwe: tazama, haishiki! Sumaku haishiki brasi, ni kweli, lakini haishiki zinki pia, na zinki iliyopakwa rangi ya dhahabu ndiyo inayojaa kwenye pakiti hizo. Ipime kwa mkono, kwani brasi ni nzito zaidi, kisha utazame ndani ya mdomo mahali ambapo rangi haikufika. Kufuli za bure nazo huwa na funguo za aina chache sana, kiasi kwamba ufunguo wa pakiti moja unaweza kufungua kufuli la pakiti nyingine, na bado neno «usalama» juu ya karatasi linapandisha bei ya kitu ambacho bila neno hilo kingeuzwa kwa nusu.

Na pakiti zenyewe zimebanwa kwa plastiki ngumu ili usijaribu lolote. Nilipokwenda kutafuta koki ya pili niliomba nifunguliwe moja niipulize, hata nikaonyesha kipande cha mpira nilichokibeba ili mdomo wangu usiiguse. Muuzaji alisema kwamba koki iliyopulizwa haiuziki tena. Niliilipia, nikaifungua pale mlangoni, nikaifunga kwa kufuli lake na kuipuliza mbele yake, na hewa ikapita ikipiga mluzi. Alikataa kuipokea, kwa hoja kwamba pakiti imeshafunguliwa.