GeoGebra darasani: uzoefu wangu kwenye mada ya duara

Nafundisha hisabati kidato cha pili na cha tatu, na siku hizi nikifika mada ya duara siingii darasani bila GeoGebra. Walimu wenzangu huniuliza kama inasaidia kweli au ni mbwembwe za projekta tu. Inasaidia sana, ila kuna sehemu moja inaweza kukuharibia somo.

Kwa asiyeijua, ni programu ya kuchora maumbo ya jometri na grafu. Markus Hohenwarter aliianza mwaka 2001 akiwa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, na ukishaipakua hauhitaji bando.

Uhondo wake uko kwenye kuvuta. Mwambie mwanafunzi achore mraba. Wengi wanapachika nukta nne kwa kukadiria, wanaziunganisha, na ukiutazama ni mraba safi kabisa. Sasa mwambie ashike kona moja aivute. Linabaki umbo lisilo na jina, na darasa zima linacheka. Aliyetumia duara na mistari ya pembe mraba kuujenga, wake anauvuta anavyotaka: unakua, unasinyaa, unazunguka, na bado ni mraba. Baada ya hapo nikiuliza mraba ni nini, hawanitajii tena "pande nne sawa" na kuishia hapo, maana wameshalazimika kuipa kompyuta masharti yote.

Kwenye duara ndipo nilipoipenda zaidi. Weka nukta A na B kwenye mzingo, O iwe kitovu, na C itembee kwenye mzingo huohuo. Tuseme pembe AOB ni nyuzi 80. Pembe ya C (yaani ACB) inasoma 40, nusu ya ile ya kitovuni, na ukiivuta C kwenye tao lile refu, 40 haitikisiki. Endelea kuvuta mpaka C ivuke B iingie tao fupi. Ghafla inasoma 220! Hapo kelele zinaanza. Sababu ni kwamba programu, usipoigusa, hupima pembe kinyume cha mwendo wa saa, kuanzia 0 hadi 360. Ingia kwenye mipangilio ya pembe, chagua 0 hadi 180, na utapata 140. Kuna mtu lazima atajumlisha 40 na 140. Anapata 180, na hiyo ni kanuni ya pembe zinazokabiliana za pembenne iliyo ndani ya duara, ambayo vitabu huileta kama jambo jipya linalojitegemea. Vuta B mpaka AB ipite kwenye kitovu, C inasoma 90, nayo ni kanuni nyingine tena. Kanuni tatu zilizokuwa zinakaririwa kila moja kivyake zimetoka kwenye mchoro mmoja, tena wamezitoa wenyewe.

Shida iko kwenye uthibitisho. Wakishaona C imezunguka kote na namba imetulia, ukisema "haya, tuthibitishe" unajibiwa, "Mwalimu, si tumeshaona?" Na kwa kweli wana hoja, macho yameridhika. Kinachoniokoa ni desimali. Programu kwa kawaida huonyesha tarakimu mbili baada ya nukta, kwa hiyo unaweza kukuta pembetatu inasoma 61.13, 52.26 na 66.62. Jumlisha: 180.01. Tuamini skrini au tuamini kanuni? Nawaacha wabishane kwanza, halafu ndipo nachora mstari sambamba na kitako, na safari hii wanafuatilia kila hatua kwa sababu wana kesi ya kumaliza.

Vifaa: kompyuta mpakato moja na projekta vinatosha, mradi anayevuta awe mwanafunzi, si wewe. Kama mashine yako ni kuukuu, jaribu toleo la Classic 5. Kwenye simu inafanya kazi, ila kidole kinaifunika nukta unayoivuta, na shule nyingi zetu haziruhusu simu kwa wanafunzi. Na usisahau kwamba mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) bado ni penseli, rula na bikari, kwa hiyo kila tulichokivuta kwenye skrini wanakirudia kwenye daftari kipindi hichohicho. Mimi naipa nyota nne kati ya tano.