Nilivyotumia alama za usalama wa mtandao kuchagua kampuni ya TEHAMA

Kazini tulikuwa tunatafuta kampuni ya kututunzia seva, barua pepe na kompyuta za wafanyakazi. Mchujo ulibakisha tatu, nikalipia huduma inayozipa kampuni alama za usalama wa mtandao. Jina silitaji.

Huduma hizi haziingii ndani ya kampuni. Zinachungulia kutoka nje: vyeti vya TLS (vinavyothibitisha tovuti na kulinda mawasiliano yake) vilivyokwisha muda, seva zilizoachwa wazi kwenye intaneti, barua pepe zisizolindwa kwa DMARC (kinga dhidi ya wanaotuma barua kwa jina la kampuni), programu zisizosasishwa, nywila zilizovuja. Alama ndiyo hutoka hapo. Kati ya huduma hizi, BitSight hutumia kipimo cha 250 hadi 900, SecurityScorecard hutoa herufi A hadi F. Niliyoitumia mimi nayo ilikuwa ya herufi.

Kampuni moja ikapata A, nyingine C. Nilipofungua undani wa ripoti, dosari nyingi za hiyo C zilikuwa kwenye anwani za IP (namba zinazotambulisha mashine kwenye intaneti) ilizowapa wateja wake. Mteja hajasasisha tovuti, lawama anabeba mwenye anwani! Yenye A ilikuwa na tovuti ya kurasa chache, na barua pepe zake ziko kwa mtoa huduma mkubwa wa wingu. Hapo utapima nini?

Kinachonitia hofu hasa kwa kampuni hizi hakionekani kwa nje: ndizo zinazoshika funguo za wateja. Julai 2021, wahalifu wa REvil, kundi linalofunga data za watu na kudai fidia, walipitia Kaseya VSA, programu ambayo mafundi hutumia kusimamia kompyuta za wateja kwa mbali. Wateja wa Kaseya walioguswa moja kwa moja hawakufika 60, lakini biashara zilizokuwa chini yao zilizoathirika zilikadiriwa kufika 1,500.

Basi nikaziuliza zote tatu maswali yaleyale. Je, fundi anaingia kwetu kwa akaunti yake mwenyewe au ya pamoja? Akiacha kazi, inafungwa baada ya muda gani? Nakala rudufu zimewekwa mahali ambapo akaunti hiyo haifiki? Yenye A ilinitumia cheti cha ISO 27001, kiwango cha kimataifa cha kusimamia usalama wa taarifa. Kusoma mawanda yake, kinahusu kituo cha data tu, dawati la huduma kwa wateja halimo. Yenye C ilileta ripoti ya SOC 2, yaani ripoti ya mkaguzi huru kuhusu udhibiti wa usalama, aina ya pili, ile inayokagua utendaji kwa kipindi kizima, wakati aina ya kwanza huangalia tarehe moja tu. Mkaguzi alikuwa ameandika humo kwamba akaunti kadhaa zilichelewa kufungwa, na kampuni ikaeleza ilivyorekebisha. Ya tatu ilijibu kwa vipeperushi vya matangazo.

Tukachukua yenye C.

Huduma yenyewe bado nailipia, kwa ajili ya kuifuatilia kampuni tuliyoichagua. Tahadhari zinakuja mapema, na cheti cha TLS kikikaribia kuisha namtumia meneja wao ujumbe, kinabadilishwa. Kero yangu ni kusahihisha makosa: ombi la kutenganisha anwani za wateja linazungushwa mno, na wakati wote huo ile C inaendelea kusomeka palepale.