Hamer kwa darasa la 12: nunua kwa ajili ya ukurasa wa kushoto

Vitabu vya kiada vya fasihi ya Uingereza vinavyotumika darasa la 12 huko Marekani mara nyingi huwa na mashairi mawili matatu ya maombolezo ya Anglo-Saxon: The Seafarer kwa tafsiri ya Burton Raffel, The Wanderer kwa tafsiri ya Charles W. Kennedy. Tafsiri peke yake, matini ya asili haipo. A Choice of Anglo-Saxon Verse cha Richard Hamer, kilichotolewa na Faber kwa mara ya kwanza mwaka 1970, kinajaza pengo hilo: Kiingereza cha Kale, yaani lugha ya Anglo-Saxon, kushoto, tafsiri kulia. Tafsiri zenyewe ni nyoofu na za kuaminika, ila hazina moto. Kama darasa halitaugusa ukurasa wa kushoto, pesa hiyo ifanyie kazi nyingine.

Chukua The Wife's Lament. Jina hilo ni la wahariri wa zama hizi. Mnakili wa mswada wa Exeter, kitabu cha mkono kilichoyahifadhi mashairi haya, hakuyapa majina. Tumejuaje basi kwamba anayelia ni mwanamke? Mishororo miwili ya kwanza ina geomorre, minre, sylfre, na kile kiishio -re ni cha kike. Kwenye tafsiri ya Kiingereza alama hiyo inapotea, na mwanafunzi anabaki kuamini kichwa cha habari. Mwambie azungushie duara maneno hayo matatu kabla hajasoma tafsiri. Ni kazi ya dakika kumi, na tayari ana ushahidi wa kuandikia insha.

Kinachoharibika zaidi ni upande wa mapigo. Wanafunzi hutafuta vina mwishoni, wasivione, wakasema hakuna kanuni. Kanuni ipo. Mshororo umekatwa vipande viwili, tuseme ukwapi na utao, kila kimoja kikiwa na mikazo miwili, yaani silabi zinazotamkwa kwa nguvu. Anza na mkazo wa kwanza wa utao, yaani wa tatu kwa jumla: sauti yake ya mwanzo ndiyo inayotawala. Rudi kwenye ukwapi uitafute, katika mkazo mmoja au yote miwili. Mkazo wa nne kwa kawaida hauingii. Jaribu mshororo wa 87 wa The Wanderer:

eald enta geweorc idlu stodon (kazi ya kale ya majitu ilisimama tupu)

Utao unaanza na idlu, irabu. Nyuma kuna eald na enta, irabu pia. Hapa ndipo wengi wanapokwama, maana i na e si sauti moja. Lakini katika ushairi huu irabu yoyote huitikiana na irabu yoyote. Kinyume chake, sp, st na sc kila moja huitikiana na yenyewe tu. Kusoma kwa sauti hakukwepeki: þ na ð ni th mwanzoni mwa neno na dh katikati ya irabu, sc ni sh, na ge- ya geweorc hutamkwa ye. Mzungumzaji wa Kiswahili ana sauti hizo zote mdomoni tayari.

Mishororo mitano tu mbele, wa 92, shairi linaanza kuuliza farasi yuko wapi, kijana yuko wapi, mgawa hazina yuko wapi. Aliyesoma Al-Inkishafi na magofu ya Pate atajisikia nyumbani.

Tahadhari moja ambayo walimu husahau: alama za kunukuu. Mswada wa Exeter, ulionakiliwa karne ya 10 na kuachiwa kanisa kuu la huko na Askofu Leofric, hauna alama hizo. Mahali msemaji wa The Wanderer anapoanza kusema ni uamuzi wa mhariri. Ukiacha wanafunzi wajenge hoja ya "nani anasema" juu ya alama hizo, wanamchambua mhariri.

Upungufu: hiki ni kitabu cha tafsiri, hakichambui sarufi neno kwa neno. Kiunganishe na kamusi ya Kiingereza cha Kale ya Bosworth-Toller, ipo bure mtandaoni. Wafundishe kwanza kwamba kitenzi huorodheshwa kwa umbo lake la msingi: cwom (alikuja) utaikuta chini ya cuman (kuja).

Kwa wiki mbili, The Wanderer (mishororo 115) ipewe vipindi vitatu, The Wife's Lament (53) viwili. The Seafarer someni hadi katikati, kisha jadilini kwa nini baada ya hapo linageuka mahubiri. Wulf and Eadwacer lina mishororo 19 tu, na wataalamu hadi leo hawakubaliani nani ni nani. Liweke mwisho, na usitoe jibu. The Ruin liache: moto uliunguza kurasa za mwisho za mswada, na mapengo yake humchosha anayeanza.

Kwa wenye wiki moja, nakala moja ya mwalimu inatosha, mishororo ya kushoto ikaandikwa ubaoni.